Wasomaji Wanauliza: Kikundi cha Opera cha Mkoani Huanzia Wapi?

Mwezi huu tumeitenga safu yote kwa jambo moja. Tangu tulipochapisha maelezo mafupi kuhusu vikundi vya opera vilivyokulia nje ya miji mikuu, barua kutoka Moshi, Arusha na vitongoji vyake zimekuja mfululizo, na nyingi zinauliza lilelile: je, mikoa yetu hii miwili ya kaskazini, yenye kwaya karibu kila mtaa, inaweza kulea kikundi chake chenyewe, na kama inaweza, kazi ianzie wapi? Kwa msomaji ambaye hajakutana na sanaa hii, opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, ukisindikizwa na ala za muziki, na kwa desturi waimbaji wake hawatumii vipaza sauti. Ilianzia Italia mwishoni mwa karne ya 16, na mwaka 1637 jumba la kwanza lililouza viingilio kwa umma lilifunguliwa mjini Venice. Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyahifadhi.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Moshi. Viongozi wa kwaya chache za jirani tumekaa tukazungumza kuhusu kuanzisha kikundi cha opera cha Kilimanjaro na Arusha. Wenzangu wanasema tutafute kwanza kiwanja na wafadhili wa kujenga ukumbi, ndipo tuite waimbaji waliosomea. Moyo wangu unasita. Vikundi vya wenzetu vilikuaje?
*Mwalimu wa kwaya, Majengo, Moshi*

Marahaba, Mwalimu. Kusita kwako kuna msingi, nami naungana nawe, kwa heshima zote kwa wenzako, kwa sababu historia ya vikundi hivi inaonyesha kwamba jengo linaweza kungoja, lakini waimbaji wa mahali penyewe hawawezi kuja mwisho.

Chukua kwanza mfano wa jengo lililotangulia. Mwaka 1869, mwaka uleule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa, mtawala wa Misri, Ismail Pasha, alijenga jumba la opera jijini Cairo, likazinduliwa kwa Rigoletto ya Giuseppe Verdi. Na tarehe 24 Desemba 1871 opera ya Aida ya mtunzi huyohuyo ilionyeshwa hapo kwa mara ya kwanza duniani. Heshima ilikuwa kubwa. Hata hivyo, kwa miongo mingi jukwaa lile lilitegemea vikundi vilivyokodiwa kutoka Italia msimu baada ya msimu, na waimbaji wazawa walichelewa sana kupata nafasi juu yake. Jumba liliteketea kwa moto Oktoba 1971, na jiji likakaa hadi 1988 ndipo likapata lingine.

Sasa utazame Wales, nchi ndogo iliyo magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1943, vita vikiwa bado vinapiganwa, mwalimu wa uimbaji aitwaye Idloes Owen aliwakusanya wapenzi wa muziki mjini Cardiff wakaanzisha Welsh National Opera. Onyesho la kwanza lilikuja Aprili 1946: opera mbili fupi zilizoimbwa jioni moja, Cavalleria rusticana na Pagliacci. Kwaya yao ilikuwa ya watu wenye kazi zao za mchana, wachimba makaa ya mawe, walimu, madaktari na wauza maduka, waliokuja mazoezini baada ya kutoka kazini na hawakulipwa. Mwaka 1952 walithubutu kuimba Nabucco ya Verdi, ambayo wakati huo haikuwa ikionekana mara nyingi Uingereza, na ambayo mhusika wake mkubwa ni kwaya yenyewe, yaani Waebrania walioko utumwani. Hapo ndipo jina lao lilipotoka. Mwaka uliofuata waliimba Bournemouth, mara yao ya kwanza nje ya Wales, na mwaka 1955 wakafika London. Okestra yao wenyewe waliipata mwaka 1970, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 ndipo kwaya ya kujitolea ilipokamilisha kuwaachia nafasi waimbaji wa ajira. Jengo walilo nalo leo, Wales Millennium Centre, lilifunguliwa mwaka 2004, miaka 58 baada ya onyesho la kwanza.

Kwa nini ikawa Wales? Sababu moja iko mikononi mwako kila unapofundisha. Zile karatasi zako zenye d, r, m, f, s, l, t, zilizonakiliwa kwa mkono na kutolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia, ni mfumo wa solfa, unaoandika muziki kwa herufi, ulioanzishwa na mwalimu Sarah Glover mjini Norwich na kuenezwa na John Curwen tangu miaka ya 1840. Makanisa ya Wales yaliupokea kwa mikono miwili, na kwa solfa wafanyakazi wasio na piano nyumbani walijifunza kazi kubwa za mtunzi Handel, sauti zote nne. Wamisionari waliupeleka mfumo huohuo Afrika Kusini, ambako kwaya za Waafrika zilianza na nyimbo za ibada, zikapanda hadi Handel, kisha zikaingiza vipande vya opera katika mashindano yao. Ndiyo maana Cape Town Opera ilipoundwa mwaka 1999, baada ya bodi ya sanaa ya serikali kuacha kuendesha opera, ilikuta waimbaji wako tayari katika vitongoji. Mwaka 2009 kikundi hicho kilikwenda kuimba opera ya Porgy and Bess mjini Cardiff, katika jengo lilelile nililolitaja. Ninapofikiria jioni ile, watoto wa solfa wa Cape Town wakisikilizwa na watoto wa solfa wa Wales, naona njia ambayo Moshi pia inaweza kuipita.

Hapa kwetu wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na matunda yake ya kimuziki unayajua kuliko mimi: kwaya za usharika na za kigango, bendi za matarumbeta, mashindano ya uimbaji ambayo watu huyafanyia mazoezi mwaka mzima. Mtaji upo. Kinachokosekana ni ufundi wa jukwaani, na huo usiupuuze hata kidogo. Mwanakwaya wako amezoea kusimama kwenye mstari, karatasi mkononi, macho kwako. Katika opera ataimba kwa kichwa, akitembea, amebeba kikapu, pengine amekupa kisogo, na bado anatakiwa aingie pale pale panapotakiwa.

Ndiyo maana nawashauri mwanze na tukio moja tu la Cavalleria rusticana, lile la asubuhi ya Pasaka. Sehemu ya kwaya iko ndani ya kanisa, haionekani, inaimba pamoja na kinanda. Wengine wamepiga magoti uwanjani nje, wanaitikia. Kisha sauti ya Santuzza, mwanamke anayejiona hastahili kuingia kanisani, inapanda juu ya wote. Wagawe waimbaji wako. Wa ndani waingie chumba cha sakristia, mlango uachwe wazi kiasi cha msaidizi wako kukuona mkono na kuwapigia mapigo wenzake. Utagundua mara moja kwamba wa ndani wakifuata wanachokisikia kutoka nje, sauti yao itawafikia watazamaji ikiwa imechelewa. Inawabidi waufuate mkono wa msaidizi na kuyafumbia masikio mengine yote, hata wakijihisi wametangulia. Kwaya ikishaliweza hilo, imevuka mto mkubwa kuliko wote.

Opera yenyewe, ambayo hadithi yake iko katika kijiji cha Sisilia, Italia, huchukua kama dakika 70. Pietro Mascagni aliitunga kwa ajili ya mashindano ya opera za tendo moja yaliyoandaliwa na mchapishaji wa Milano, akashinda, na ikaonyeshwa Roma mwaka 1890. Mascagni alifariki mwaka 1945, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo muziki wake mnaweza kuuimba bila kulipa. Lakini tafsiri mpya na mipangilio mipya ya ala ina wenyewe, mhakikishe mapema na ofisi ya hakimiliki. Mkiona waimbaji pekee, yaani wale wanaoimba peke yao, hawajafikia uzito huo, ipo Dido and Aeneas ya Henry Purcell, ya saa moja hivi, iliyoimbwa London mwishoni mwa miaka ya 1680 na wasichana wa shule ya bweni. Hadithi yake iko Carthage, katika Tunisia ya leo, na kwaya ina kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Shule zetu za sekondari zingeiweza.

Mhariri, nimeteuliwa mtunza hazina wa kamati ndogo ya wapenzi wa muziki Njiro na Sakina. Tunaamini tukipata ukumbi mkubwa, kwa mfano pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, viingilio vitalipa gharama zote. Je, hesabu hii imekaa sawa?
*Mtunza hazina, Arusha*

Ndugu mtunza hazina, hesabu hiyo haijakaa sawa, na ni afadhali kamati iambiwe sasa kuliko baada ya kukopa. Mwaka 1966 wanauchumi wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza vizuri kwa nini. Kiwanda kinaweza kununua mashine na kuzalisha zaidi kwa watu wachache, lakini muziki ulioandikwa kwa wapigaji wanne unahitaji wapigaji wanne na dakika zilezile leo kama ulivyohitaji miaka 200 iliyopita, huku ujira wao ukipanda pamoja na ujira wa watu wengine wote. Opera ina mzigo huo mara nyingi zaidi: kwaya, waimbaji pekee, wapiga ala, maleba, mapambo ya jukwaa, na wiki nyingi za mazoezi ambazo hakuna anayezilipia kiingilio.

Wengi hujibu kwa kutafuta ruzuku, na ruzuku ni nzuri, ila isiwe mguu mmoja wa kusimamia. Haohao Welsh National Opera niliowasifu hapo juu walipunguziwa fedha na baraza la sanaa la Uingereza kwa karibu theluthi moja mwishoni mwa 2022. Ziara zao za Liverpool zikakoma, na mwaka 2024 waimbaji na wapiga ala wao wakawa katika mgogoro na uongozi kuhusu kupunguzwa kwa ajira. Kwa upande mwingine, tamasha la Glyndebourne, lililoanzishwa mwaka 1934 na tajiri John Christie kwenye bustani ya nyumba yake katika ukumbi wa viti 300 hivi, linajiendesha bila ruzuku ya serikali, kwa wanachama, wahisani na viingilio vya bei kubwa mno kwa mtu wa kawaida. Njia hiyo si yetu.

Mfano ninaouona karibu zaidi na Arusha ni Santa Fe, mji wa nyanda za juu huko Marekani unaopokea watalii wengi. John Crosby alifungua opera yake hapo mwaka 1957 katika ukumbi wa wazi wa viti 480, akachagua majira ya kiangazi, wageni wanapokuwa mjini. Julai 1967 ukumbi uliungua katikati ya msimu. Kikundi kikahamia ukumbi wa michezo wa shule, kikamaliza msimu wake, na michango ya wenyeji na marafiki ikawezesha ukumbi mpya kuwa tayari mwaka uliofuata. Hakuna mfadhili mmoja ambaye angeweza kuwapa moyo wa namna hiyo. Sisi tunajua kuchangishana; kadi za michango ya harusi hazijawahi kutushinda. Wanachama wengi wa kutoa kidogo kila mwezi, wenye haki ya kuketi mazoezini na kusomewa mapato na matumizi, watawafaa kuliko mfadhili mmoja wa mara moja.

Kuhusu ukumbi, nakusihi usiangalie idadi ya viti kwanza. Kumbi kubwa za mikutano hujengwa ili maneno ya kipaza sauti yasikike bila mwangwi, na mazulia na vitambaa vyake humeza sauti ya mwimbaji. Kanisa la matofali lenye dari ya mbao, au bwalo la shule lenye kuta tupu, linaweza kuwafaa zaidi. Mwimbaji asimame mbele aimbe kwa sauti ya chini, nawe usimame mlango wa mwisho. Kama unasikia kila neno, mmepata ukumbi. Mkichagua kanisa, mchungaji au paroko aisome hadithi yote kabla ya kutoa kibali, kwa maana Cavalleria huanza na Pasaka lakini huishia kwenye mauaji yaliyoletwa na uzinzi, na si haki kumshtua siku ya onyesho. Tena epukeni Machi hadi Mei. Masika yakipiga juu ya bati, hakuna soprano duniani atakayesikika.

Mimi ni mwanafunzi wa muziki, Usa River. Rafiki zangu wanasema opera haiwezi kuimbwa kwa Kiswahili, na kwamba bila okestra ya fidla hakuna opera. Naomba maoni yako.
*Mwanafunzi, Usa River*

Mwanangu, rafiki zako wamekosea yote mawili. Mwaka 2005 filamu ya U-Carmen eKhayelitsha, ambayo ni Carmen ya Georges Bizet iliyoimbwa yote kwa Kixhosa na kuchezwa katika kitongoji cha Cape Town, ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Watu walewale waliichukua The Magic Flute ya Mozart wakaiondolea okestra, wakaweka marimba na ngoma, na mwaka 2008 ikapata tuzo ya maigizo ya Olivier jijini London. Walichokilinda ni sauti na sentensi za muziki. Vingine vyote walivishona upya kwa vitu walivyo navyo.

Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Silabi zake karibu zote huishia na irabu, ambako ndiko sauti inakokaa, na mkazo uko mahali pamoja pa kutabirika, silabi ya pili kutoka mwisho. Kazi ngumu ni urefu wa maneno yetu, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa, na mtafsiri hujikuta ana silabi sita mahali penye nota tatu. Hapo wengi hukata tamaa, wakalazimisha mkazo uangukie popote, kama tunavyosikia katika tenzi nyingi za kutafsiriwa ambamo jina la Mungu lenyewe hukazwa kwenye silabi ya mwisho. Usikubali hilo. Ukiwa na neno kama «nimekungoja», zile silabi tatu za mbele zipite haraka kwenye nota fupi, na nota ndefu uiache iangukie «ngo». Msikilizaji wa mlango wa mwisho ataelewa bila kusoma karatasi.

Kuhusu ala, piano moja yenye mpigaji mzuri inatosha kwa miaka ya mwanzo. Baadaye mna matarumbeta ya makanisani, mna ngoma na marimba, na nyuzi zinaweza kutafutwa kwa kushirikiana na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi cha Zanzibar, ambacho tangu 2002 kinafundisha fidla na ganuni kwa ajili ya taarabu. Nanyi mlio Chuo Kikuu cha Makumira mnaosomea shahada ya muziki msingoje kuitwa: kwaya za Moshi na Arusha zina walimu hodari wa solfa, lakini mtu wa kusoma nota za mistari mitano, kuandika upya sehemu za ala na kupiga piano mazoezini, huyo ndiye adimu.

Mimi ni mzee wa Kibosho. Nimewasikia vijana wakizungumzia opera na nimesikitika. Ngoma zetu zinakufa, nyimbo za wazee zinasahauliwa, nasi tunakimbilia mambo ya Wazungu. Kwa nini?
*Mzee, Kibosho*

Shikamoo mzee wangu. Sikitiko lako nalipokea, na sitaki kulijibu kwa haraka. Kikundi kitakachobaki kuimba hadithi za Sisilia milele kitakuwa mgeni katika mji wake. Kazi za Kiitaliano nimezishauri kwa ajili ya kujifunzia ufundi. Baada ya hapo kikundi kina deni la kutunga.

Wala hadithi haitafutwi mbali. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa hapo, pamoja na viongozi wengine, jumla yao 19, Wachaga, Wameru na Waarusha. Inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekuwa ukikitafuta hadi leo. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwa mabaki yaliyohifadhiwa Berlin viliwapata ndugu wa baadhi ya watu waliochukuliwa kutoka Kilimanjaro, na maswali ya familia nyingine bado hayajajibiwa.

Mzee wangu, sijui hadithi inayodai kuimbwa kuliko hiyo. Kuna mtawala kijana aliyerithi uadui na urafiki wa baba yake na majirani. Kuna viongozi wa makabila matatu waliokufa siku moja, jambo linaloifunga mikoa ya Kilimanjaro na Arusha katika msiba mmoja. Kuna umati uliosimama ukitazama, na umati huo ndio kwaya. Zaidi ya yote kuna swali ambalo halina mwisho bado, la mifupa isiyorudi, na muziki unaweza kulibeba swali lisilo na jibu pale ambapo maneno matupu yanachoka. Wahusika wanaweza kujibizana kwa mtindo wa ngonjera. Maombolezo yatoke kwa wanawake wa Uchagani wanaoyajua, yakiimbwa kwa Kichaga, Kimeru na Kimaasai panapostahili, na Kiswahili kiunganishe. Hapo nyimbo za wazee zitakuwa zimefundishwa kwa vijana sauti kwa sauti, wakiziimba kwa kichwa, na kuandikwa kwa solfa ili zisipotee tena.

Nina sharti moja kwa vijana watakaolishika jambo hili. Msitunge hata mstari kabla ya kwenda kuketi na ukoo wenyewe na wazee wa Old Moshi, Meru na Arusha, mkawasikiliza, mkaomba ridhaa. Msiba una wenyewe. Nawe mzee, nakuomba usiwafungie mlango watakapokuja na daftari zao.

Binti yangu ana miaka 16, anaimba soprano kwenye kwaya ya vijana, na sasa anasema anataka kuwa mwimbaji wa opera. Je, ni ndoto tu?
*Mzazi, Arusha*

Mama, Pretty Yende alizaliwa mwaka 1985 katika mji mdogo wa Piet Retief, Afrika Kusini, akaimba kanisani, na alikuwa na umri huohuo wa binti yako aliposikia opera kwa mara ya kwanza katika tangazo la televisheni. Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akaenda Milano, akashinda mashindano ya Operalia mwaka 2011, akaimba katika jumba la opera la Metropolitan la New York mwaka 2013, na mwaka 2023 akaimba wakati wa kutawazwa kwa Mfalme Charles III. Si ndoto tu, ingawa ni safari ndefu na wengi huishia njiani.

Kwa sasa mlinde sauti yake. Sauti ya opera hupenya okestra kwa sababu mwimbaji aliyefundishwa hukusanya nguvu nyingi katika mawimbi ya karibu 3,000 kwa sekunde, eneo ambalo okestra ina nguvu ndogo, na masikio yetu hulisikia vizuri. Hapati hilo kwa kupiga kelele. Asiigize sauti nzito za wanawake wa makamo anaowasikia kwenye rekodi, kwa kuwa nafasi nzito za Verdi huwasubiri waimbaji hadi wavuke miaka 30. Aimbe nyimbo nyepesi, ajifunze piano na kusoma nota, aanze Kiitaliano. Akitoka mazoezini sauti imekauka, huko ni kuumizwa, na una haki ya kumwambia mwalimu wake hivyo kwa adabu. Na amalize shule.

Mhariri, mimi siimbi. Ni fundi cherehani hapa Moshi. Je, kikundi cha namna hii kina kazi kwa mtu kama mimi?
*Fundi, Mbuyuni*

Fundi, kina kazi nyingi sana, pengine kukuzidi muda. Onyesho dogo la kwaya ya watu 40 linahitaji maleba ya watu 40, na kila mmoja ana mwili wake. Msinunue vitambaa vipya mwanzoni. Mitumba ya Memorial ina makoti, mashati ya kitani na sketi ndefu ambazo zikipunguzwa, zikipakwa rangi na kuchakazwa kidogo, zitakuwa mavazi ya kijiji cha Sisilia au ya karne iliyopita ya hapa kwetu. Epuka nailoni, kwa sababu chini ya taa mwimbaji atalowa jasho na kitambaa kitasikika kikikwaruza anapotembea. Ukimpima mwimbaji, usimpime kama unavyompima bwana harusi aliyesimama kwa kujibana. Mwambie avute pumzi yote hadi mbavu za nyuma zifunguke, kisha uzungushe utepe, na kipimo hicho ndicho ukate. Kola nayo uiache na nafasi ya vidole viwili.